Corona haikurarua mkataba wako

Ujumbe ulikuja kwa WhatsApp. Kwa wengi wetu ndivyo mambo yalivyoenda Machi na Aprili 2020. Hakukuwa na barua, hakukuwa na mkutano, hata simu haikupigwa. Ni kile kikundi cha kazini ambacho siku zote hutumiwa ratiba za zamu na malalamiko kuhusu vyombo visivyooshwa. Meneja aliandika mistari mitatu: kwa sababu ya corona msije kesho, kaeni nyumbani, tutawaita hali ikitulia. Kisha akakifunga kikundi, ikawa ni yeye peke yake anayeweza kuandika.

Kama ujumbe huo haukukupata wewe, ulimpata ndugu yako, jirani wa ploti, au yule msee mliyekuwa mkipanda naye matatu asubuhi. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Mwaka huo ulipoisha, kulingana na takwimu za KNBS, zaidi ya ajira 700,000 zilikuwa zimepotea, na hapo hujahesabu wakulima wadogo. Mei 2020 hata Fairmont The Norfolk, hoteli iliyofungua milango yake 1904, ilitangaza kwamba inawaachisha kazi wafanyakazi wake wote.

Sasa kafyu iliondolewa Oktoba 2021, vilabu vimefunguliwa na matatu zinajaza tena hadi mlangoni. Wengine waliitwa warudi. Wengine walibaki wakisubiri "hali itulie". Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kuna saa inayohesabu. Sheria inakupa miaka mitatu ya kumpeleka mwajiri kortini kuhusu mkataba wa kazi. Aliyepigwa kalamu Aprili 2020 alikuwa na hadi Aprili 2023. Baada ya hapo, hata haki yako iwe wazi kama mchana, hakuna jaji atakayeisikiza.

Mimi si wakili. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 iko mtandaoni bure, na faili yake haimalizi bando. Nimeisoma kwenye simu, kifungu baada ya kifungu, nikitafuta pale panaposema kwamba janga likija, bosi anaweza kukutuma nyumbani bila mshahara hadi siku atakayojisikia kukuita. Hakuna pahali kama hapo.

Kilichobadilika na ambacho hakikuguswa

Usidhani serikali ilishindwa kubadilisha sheria kwa sababu ya haraka. Ilipotaka, iliweza. Aprili 25, 2020, wiki sita tu baada ya kisa cha kwanza, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mabadiliko ya sheria za kodi. Anayepata hadi Sh24,000 kwa mwezi akaacha kukatwa kodi ya mapato, na kiwango cha juu cha PAYE kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Januari 1, 2021 kile kiwango cha juu kikarudi asilimia 30, lakini nafuu ya mtu wa Sh24,000 ilibaki.

Hata Sheria ya Ajira yenyewe ilifanyiwa marekebisho katikati ya janga. Tangu Aprili 2021, mfanyakazi anayeasili mtoto ana haki ya likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili anapokabidhiwa mtoto huyo.

Lakini vile vifungu vya kukata mshahara, kufuta watu na kuwalipa haki zao vilibaki vilivyokuwa. Mwaka 2020 kulikuwa na mswada katika Seneti wa kukabiliana na majanga, ulioletwa na kamati iliyoongozwa na Seneta Johnson Sakaja. Ndani yake mlikuwa na kipengele cha kumlinda mfanyakazi asifutwe wakati wa janga. Mswada huo haukupata kuwa sheria. Aprili 2020 pia Wizara ya Leba, Cotu na Shirikisho la Waajiri, FKE, waliandikiana maelewano ya jinsi ya kuvuka kipindi hicho. Maelewano ni mazuri, lakini hayana nguvu ya sheria iliyopitishwa na Bunge.

Kwa hivyo wewe hukupewa ngao mpya, na bosi naye hakupewa kisu kipya. Mlibaki na ule mkataba mliokuwa nao, na sheria ile ile ya 2007. Stori ya kwamba "ni corona, hakuna sheria saa hii" ilikuwa stori tu.

Likizo bila malipo ni makubaliano

Tuseme bosi amebanwa kweli. Wateja hawaji, kodi ya duka inadaiwa, na mishahara ya watu kumi haipatikani. Anaweza kufanya nini kihalali?

Anaweza kuanza na likizo yako ya mwaka. Kila mfanyakazi aliyemaliza miezi 12 ana angalau siku 21 za kazi za likizo yenye mshahara kamili. Siku hizo zikiisha, na pesa bado hakuna, anaweza kukuita mzungumze kuhusu mshahara pungufu, zamu za kupokezana au likizo bila malipo. Neno zito hapo ni *mzungumze*. Kifungu cha 10 kinasema masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri atashauriana na mfanyakazi, abadilishe mkataba, na kumjulisha kwa maandishi. Mistari mitatu kwenye kikundi kilichofungwa si mashauriano.

Najua utaniambia nini. Utasema ulipewa karatasi ukaambiwa: saini ama uende. Na ukiangalia kodi ya keja, unasaini. Simlaumu mtu aliyesaini. Lakini karatasi ya aina hiyo ikiletwa tena mezani, maana wimbi lingine la corona likija italetwa tena, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kugusa kalamu.

La kwanza, ni kwa muda gani? "Hadi hali itulie" si tarehe. Omba iandikwe miezi mitatu, au hadi siku fulani, kisha mkutane tena.

La pili, hii sehemu ya mshahara inayokatwa imeahirishwa au imesamehewa? Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Iliyoahirishwa ni deni utakalolipwa baadaye. Iliyosamehewa imekwenda. Karatasi nyingi zilizunguka bila kusema ni ipi, na sasa watu wanavutana.

La tatu, bima ya afya na NSSF zitaendelea kulipwa? Utakuwa mkosi mkubwa kugundua hospitalini kwamba kadi yako ilikufa miezi mitano iliyopita.

La nne, nakala yangu iko wapi? Usiondoke bila nakala. Ukinyimwa, piga picha.

Kama hukubaliani, sema hivyo kwa maandishi, hata kwa baruapepe ya sentensi mbili. Ukinyamaza na kuendelea kupokea nusu mshahara mwezi baada ya mwezi, kesho bosi atamwambia jaji kwamba ulikubali kwa vitendo. Na kuhusu mshahara unaolipwa pungufu kila mwezi, kuwa macho zaidi: sheria inaweza kuuona kama dhuluma inayoendelea, na hiyo inakupa miezi 12 tu tangu ilipokoma, si miaka mitatu.

Na kama ulifanya kazi na hukulipwa kabisa? Hilo si suala la mashauriano. Kukosa kulipa mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ukiambiwa kazi imepungua

Sheria haimkatazi mwajiri kupunguza wafanyakazi. Biashara ikianguka, imeanguka. Kinachokatazwa ni kufanya hivyo kimyakimya, kwa kuchagua sura asizozipenda. Kifungu cha 40 kinaweka hatua, na ukivijua, hutadanganyika.

Kuna ilani ya angalau mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji unaokusudiwa. Kama uko kwenye chama, inaenda kwa chama. Kama huko, inakuja kwako binafsi. Kwa vyovyote vile, afisa wa leba naye anapata nakala. Katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege iliyoamuliwa 2014, Mahakama ya Rufaa ilieleza kuwa ilani ya namna hii inatoa nafasi ya kushauriana jinsi ya kuepusha au kupunguza kufutwa huko. Haitolewi kama salamu za kwaheri.

Halafu kuna namna ya kuchagua nani aende: muda aliokaa kazini, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwake. Kama wewe uliyekaa miaka minne umefutwa na binamu wa meneja aliyeingia Januari amebaki, hapo pana swali la kuuliza.

Mwisho ni pesa. Unalipwa siku za likizo ambazo hukuenda. Unapewa ilani ya mwezi mmoja ya kuondoka au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Na unalipwa kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Tupige hesabu. Ulikuwa ukitengeneza kahawa kwenye mkahawa kwa Sh30,000 kwa mwezi, umemaliza miaka mitatu, na una siku kumi za likizo. Mshahara wa mwezi badala ya ilani, Sh30,000. Siku 15 mara miaka mitatu ni siku 45, yaani kama Sh45,000. Siku kumi za likizo, kama Sh10,000. Jumla Sh85,000. Hiyo ndiyo doo iliyokuwa imejificha nyuma ya ule ujumbe wa mistari mitatu. Kuna watu walilipa madeni ya Fuliza mwaka mzima ilhali walikuwa wakidai kiasi hicho.

Na korti ikiona ulifutwa isivyo haki, inaweza kuongeza fidia ya hadi mishahara 12 ya mwezi. Si kila mtu hupewa 12, usiende ukiota. Lakini bosi anajua hesabu hiyo, na ni vizuri nawe uijue.

"Lakini mimi ni kibarua tu"

Hili ndilo neno linalotumaliza vijana. Kwenye mjengo, kwenye maghala ya Barabara ya Mombasa, jikoni mwa hoteli, kila mtu anaitwa kibarua hata akiwa amemaliza miaka miwili. Unalipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, huna barua, basi unajiona huna haki.

Soma kifungu cha 37. Ukifanya kazi siku zinazofuatana ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja au zaidi, au ukifanya kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria inakuhesabu kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Hapo una haki ya ilani kabla ya kufutwa. Jina la kibarua linabaki mdomoni mwa msimamizi tu.

Na ile barua ya kazi ambayo hukupewa? Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mkifika kortini akashindwa kuuonyesha, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba masharti hayakuwa vile unavyosema. Hutakuwa wa kwanza kushinda kesi bila barua ya kazi.

Ukiugua, na ile sindano

Sheria ya 2007 haikuota karantini. Ilichoweka ni likizo ya ugonjwa: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una angalau siku saba zenye mshahara kamili na saba zenye nusu mshahara kila mwaka, mradi ulete cheti cha daktari. Ukipatikana na corona ukajitenga wiki mbili, hizo siku 14 ndizo zako. Kufutwa kwa sababu uliugua ni kitu ambacho bosi atakuwa na kazi ngumu kukieleza.

Barakoa, sanitaiza na nafasi kati ya watu kazini pia si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwenye mahali pa kazi akulinde. Ukiona hatari kubwa ya wazi, mripoti kwa msimamizi wako. Hadi hatari hiyo ishughulikiwe, hapaswi kukulazimisha urudi pale.

Chanjo je? Agosti 2021 watumishi wa umma waliambiwa wachanjwe kufikia Agosti 23 au wachukuliwe hatua. Novemba, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hatapata huduma za serikali. Kabla ya siku hiyo kufika, Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo hadi kesi isikizwe. Mimi nimechanjwa na ninakushauri uende. Hata hivyo, bosi wa kampuni ya kibinafsi anayetaka kukufuta kwa sababu ya chanjo bado anapaswa kuwa na sababu ya haki, akuite, akueleze, akusikize ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama. Na cheti chako cha chanjo au matokeo ya vipimo ni habari za afya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka kwenye kundi la habari nyeti. Haziandikwi kwenye karatasi ya kubandikwa ukutani karibu na mashine ya maji.

Chukua simu yako sasa

Kabla hujafunga ukurasa huu, rudi kwenye kile kikundi cha WhatsApp. Kama bado umo, piga picha ule ujumbe, tarehe na nambari ya aliyeutuma ikionekana. Kama ulitoka, mwombe mwenzako aliyebaki. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi uliyokuwa ukilipwa. Omba taarifa ya NSSF, itaonyesha nani alikuwa akikulipia na aliacha lini. Tafuta kitambulisho cha kazi, picha ukiwa na sare, ratiba za zamu. Ziweke kwenye baruapepe yako mwenyewe, maana simu huibwa.

Kisha mwandikie mwajiri barua fupi isiyo na matusi: nilifanya kazi kwako kutoka siku hii hadi siku hii, nilikuwa nikilipwa hivi, nadai hivi. Mwombe na cheti cha huduma. Ukiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hawezi kukunyima hata kama mligombana.

Asipojibu, nenda ofisi ya leba. Malalamiko ya kufutwa yanapaswa kumfikia afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, kwa hivyo kama umefutwa mwezi huu, usikae. Kama miezi hiyo ilipita kitambo, korti bado iko wazi hadi ile miaka mitatu iishe. Na si lazima uende Mahakama ya Ajira katikati ya jiji. Tangu 2018, kesi za wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa, wenye cheo cha hakimu mkazi mwandamizi na zaidi. Kama una chama, anza na chama. Makato yale ya kila mwezi yana kazi yake.

Na wewe unayeajiri

Wengi wetu tunaosoma hapa tuna biashara ndogo pia. Una kinyozi chenye viti vitatu, una jiko la chapati na wasichana wawili, una duka la nguo mtandaoni na mtu wa kupeleka mizigo. Mwaka 2020 nawe uliumia, na hakuna aliyekuja kukuuliza. Sheria hii inakuhusu pia, na usiione kama adui.

Mwajiri aliyewaita watu wake wanne, akawaonyesha daftari la mauzo, wakakubaliana nusu mshahara kwa miezi mitatu na wakaandika kwenye karatasi moja, huyo analala usingizi. Hakuhitaji wakili, alihitaji saa moja na kalamu. Aliyezima simu akidhani anaokoa mshahara wa mwezi mmoja ndiye anayeweza kuambiwa alipe wa 12. Wafanyakazi wengi hawakuchukia kukatwa pesa. Walichukia kuachwa hewani, bila kujua kama watafute kazi nyingine au wasubiri.

Kwa hivyo andika. Ukiajiri, andika. Ukipunguza, andika. Na wewe uliyetumwa nyumbani ukaambiwa utaitwa, fungua kalenda ya simu, tafuta siku ile ujumbe ulipoingia, hesabu miaka mitatu mbele, halafu weka kengele ilie miezi sita kabla ya siku hiyo. Ikilia, uwe ushapeleka barua.